Usonji Haupimwi Kama Malaria

Kijana wa Garissa aliyesoma hadi chuo anajibu maswali 50 kwenye simu yake, anabonyeza kitufe cha mwisho, na simu inamwambia amepata alama 35. Anachotaka kujua ni kitu kimoja: sasa ninao au sina? Halaumiwi kwa kuuliza hivyo. Ameambiwa kwamba anajipima usonji, na katika Kiswahili cha hospitali mtu akipimwa hutoka na jibu. Tunapima malaria, tunapima sukari, tunapima presha. Tangu Mei 2017, Kenya ilipozindua vifaa vya kujipima virusi vya Ukimwi, kitenzi hiki kimezidi kukaza maana: mate kidogo au tone la damu, subira ya muda mfupi, kisha mstari mmoja au miwili. Hata huko, aliyeona mistari miwili huambiwa aende kituo cha afya akathibitishiwe. Lakini angalau ndani ya lile tone kuna kitu kinachotafutwa. Katika usonji hakuna tone la kupeleka maabara. Kuna maneno ya mtu kuhusu nafsi yake, basi.

Ndiyo maana nasema kitenzi kujipima hakifai hapa, na wanaokitumia kwenye vichwa vya habari na matangazo ya warsha wanawapotosha watu bila kukusudia. Kabla ya kupendekeza badala yake, tulitazame jina lenyewe.

Usonji ni hali ya ukuaji wa ubongo ambayo mtu huanza nayo maisha. Huonekana katika namna anavyowasiliana na kuchangamana na wenzake, katika kushikilia mazoea na mambo machache anayoyapenda mno, na mara nyingi katika namna anavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Jina la kitaalamu la Ulaya, otizimu, lilibuniwa na Eugen Bleuler, daktari wa Uswisi, karibu na mwaka 1911, kutokana na neno la Kigiriki lenye maana ya nafsi, na alikuwa akizungumzia wagonjwa wa skizofrenia waliojitenga na ulimwengu. Grunya Sukhareva wa Moscow, katika miaka ya 1920, kisha Leo Kanner mwaka 1943 na Hans Asperger mwaka 1944, ndio walioeleza watoto wa aina tunayoizungumzia leo. Kiarabu nacho kilichukua njia ya upweke: tawahhud, kutoka mzizi uleule wa wahid, ambao mtoto yeyote wa madrasa pale Garissa anaufahamu.

Majina haya mawili yanamsingizia mtu. Wengi wenye hali hii wanatamani sana kuwa na wenzao, ila hawaijui njia ya kuwafikia. Neno usonji, lililoenea Kenya na Tanzania, halimwambii chochote msomaji wa kawaida anapolisikia kwa mara ya kwanza, na kwa maoni yangu hiyo ni heri. Linajazwa maana na maelezo, halikuja na hukumu yake.

Kisomali, lugha ya wengi hapa Garissa, hakikuwa na neno la zamani la jambo hili. Lililokuwapo ni waali, yaani wazimu, na hakuna mama anayetaka mwanawe aitwe hivyo kisimani. Baadhi ya Wasomali wa ughaibuni wametumia maangaar, maan ikiwa akili na gaar ikiwa ya pekee. Ughaibuni ndiko hoja ya usonji miongoni mwa Wasomali ilikopamba moto. Mwaka 2008 watafiti wa Stockholm waliandika kwamba usonji ulionekana zaidi kwa watoto wa Kisomali kuliko kwa wengine mjini humo, na mwaka 2013 utafiti wa Chuo Kikuu cha Minnesota ukakadiria mtoto 1 kati ya 32 wa Kisomali mjini Minneapolis, karibu sawa na mtoto 1 kati ya 36 wa Kizungu. Nyumba ya Garissa yenye shangazi Minneapolis huenda ililisikia neno otizimu kwa simu kabla ya usonji kutangazwa redioni. Lakini tafiti zote hizo ni za watoto. Mtu mzima wa miaka 30 hakuhesabiwa.

Mtu mzima huyo ndiye anayekutana na hojaji. Maarufu kuliko zote hujulikana kwa herufi AQ, na ilitolewa mwaka 2001 na Simon Baron-Cohen na wenzake wa Cambridge. Ina kauli 50, kumi kumi katika maeneo matano: kuchangamana, kuhamisha mawazo kutoka jambo moja hadi jingine, kuona mambo madogo madogo, mawasiliano, na ubunifu wa fikra. Katika utafiti ule wa kwanza, watu 8 kati ya kila 10 waliokwisha kutambuliwa kuwa na usonji walipata alama 32 au zaidi, na miongoni mwa watu wa kawaida walikuwa 2 tu kati ya 100. Tarakimu hizo zinavutia, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Walioitunga walisema wazi kwamba haitoi utambuzi. Kuna toleo lake fupi la maswali 10, ambalo tangu mwaka 2012 madaktari wa Uingereza hushauriwa kulitumia kuamua nani apelekwe mbele kuchunguzwa, alama 6 zikiwa ndizo mpaka. Mwaka 2016 watafiti wa huko waliwafuata watu wazima waliopelekwa kliniki na kukuta kwamba, kati ya wale ambao hojaji iliwaambia hawana usonji, zaidi ya nusu walikuwa nao. Kipimo cha malaria chenye mwenendo huo kingeondolewa sokoni siku hiyohiyo. Hojaji haiondolewi kwa sababu kazi yake ni nyingine.

Sasa ilete Garissa. Kauli moja humtaka mtu aseme kama angependelea maktaba kuliko sherehe. Garissa maktaba ina historia yake: tangu mwaka 1996 Huduma ya Maktaba ya Kitaifa imekuwa ikifunga masanduku ya vitabu mgongoni mwa ngamia na kuyapeleka kwa wafugaji na shule za mbali. Kwa hiyo maktaba si jengo kimya la kukimbilia. Wakati mwingine ni ngamia anayefika na watoto hamsini wakimzunguka kwa kelele. Na sherehe, yaani arusi, si jambo la kupenda au kutopenda. Arusi ya binamu huendewa. Ukimwuliza mtu anapenda nini mahali ambapo amelelewa kufanya linalompasa, atakujibu linalompasa, na alama zake zitakuwa za adabu yake, wala si za hulka yake. Mfasiri mwangalifu angeandika: ungeachiwa uchague mwenyewe, na hakuna ambaye angekuuliza. Sentensi inarefuka, lakini inapata jibu la kweli.

Kauli nyingine inauliza kama unaona namba za magari ambazo wenzako hawazijali. Jirani yangu wa kufikirika anayechunga nje ya Modogashe hana haja na namba za magari, ila summad, chapa ya moto kwenye shingo au paja la ngamia, anaisoma akiwa mbali na kukwambia ni ya ukoo gani. Hiyo ni kazi yake. Kuna pia kumbukumbu: kijana anayetaja abtirsi yake, baba kwa baba hadi jina la ishirini, au aliyehifadhi juzuu kadhaa dugsi, yaani madrasa, mtu wa Cambridge angeshtuka kumsikia. Nyumbani kwao ni mtoto aliyefundishwa vizuri. Kutomtazama mzee machoni, vivyo hivyo.

Upande wa pili, maisha ya hapa yanaweza kuuficha usonji. Salamu ya Kisomali ni ndefu na ina mpangilio: amani, watu wa nyumbani, mifugo, mvua, kisha habari za ulikotoka. Mtu mwenye usonji anayeteseka na mazungumzo yasiyo na kichwa wala miguu, salamu hii inamfaa, kwa kuwa kila jibu linajulikana. Anaweza kuisalimia Garissa nzima asijulikane. Shida inaanza salamu inapokwisha. Kwa wanawake kujificha huku huwa kazi ya maisha, na mwaka 2018 ilitoka hojaji ya maswali 25, CAT-Q, inayopima juhudi za mtu kuficha hulka zake mbele ya watu. Msichana aliyekuwa akimwiga dada yake, anavyocheka na anavyoshika kikombe, hadi akaitwa mpole, hataonekana na AQ kwa urahisi.

Hata maneno ya kujibia yana mtego. Majibu ya AQ ni manne, na mtu akiyafasiri neno kwa neno atapata sikubali kidogo na sikubali kabisa. Mkenya akisoma sikubali kidogo anaweza kuelewa sikubali hata kidogo, ambayo ndiyo kabisa yenyewe. Bahati nzuri AQ haijali kiwango. Anayekubali kidogo na anayekubali kabisa huhesabiwa sawa. Mfasiri anaokolewa na kanuni za kuhesabu.

Lakini pengo kubwa zaidi ni swali ambalo AQ haiulizi: tangu lini? Miongozo ya utambuzi, ule wa Marekani wa mwaka 2013 na ule wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika Januari 2022, inataka mizizi ya hali hii iwe utotoni, hata kama ilikuja kuonekana mtu alipokua na majukumu yakamzidi. Huku kwetu swali hilo lina uzito wa pekee. Aliyekuwa Chuo Kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, watu 148 walipouawa, anaweza leo kuogopa umati, kushtushwa na mlio na kukaa peke yake. Aliyekulia Dadaab, katika kambi zilizoanza mwaka 1991, anaweza kuwa na buufis, neno ambalo wakimbizi wenyewe walilitumia kwa ile shauku ya kuhamishiwa nje inayomla mtu hadi akaugua moyo. Hawa wote wanaweza kupata alama za juu, na pengine hakuna mmoja mwenye usonji. Hojaji iitwayo RAADS-R, ya mwaka 2011, inajaribu kuziba pengo hili. Ina kauli 80, na kila moja hujibiwa kwa wakati: ni kweli sasa na nilipokuwa mdogo, ni kweli sasa tu, ilikuwa kweli nilipokuwa chini ya miaka 16 tu, au haijawahi kuwa kweli. Kwa mazingira yetu naiona bora kuliko AQ, ingawa ni ndefu, na ilikusudiwa kujazwa mtaalamu akiwapo.

Jibu la tangu lini haliko kwenye simu. Liko kwa mama. Mama aliyehama na mifugo huenda hana kadi ya kliniki, lakini atakwambia mtoto huyu alichelewa kusema, alisema mwaka wa mafuriko ya El Niño, yale ya 1997, na akiguswa nywele alilia kama aliyechomwa. Hiyo ni historia ya ukuaji kamili, na daktari anayejua kazi yake ataiandika ilivyo.

Turudi kwenye istilahi. Dalili ni neno la ugonjwa, na usonji si ugonjwa unaoingia na kutoka. Tabia ina mzigo wa maadili: mtu mwenye tabia, katika mazungumzo ya mitaani, keshahukumiwa. Sifa inaegemea kwenye kusifu. Mimi nachagua hulka, maumbile ya mtu anayozaliwa nayo, yasiyo kosa wala tuzo. Wataalamu husema wigo wa usonji, na siwapingi, ila wigo wa zamani ni ua, boma la miti, na msomaji anaweza kudhani kuna walio ndani na walio nje. Maana inayotakiwa ni ile ya kupanua wigo: upana, huku hulka zikizidi kwa huyu na kupungua kwa yule. Hata alama 32 si lango la boma.

Na kitenzi kiwe kujitathmini. Tathmini tunaijua kutoka shuleni na kwenye miradi: hukusanya, hupima uzito wa mambo, huacha nafasi ya kubishana. Kujitathmini hulka za usonji, basi. Kazi ya kliniki ya kuwatenga wa kuchunguzwa zaidi iitwe uchunguzi wa awali. Neno utambuzi libaki kwa mtaalamu peke yake. Tofauti hizi zina faida ofisini pia: kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu hutolewa kwa tathmini ya hospitali, haitolewi kwa alama za simu. Eneo ambalo hadi mwaka 2025 vijana walipigwa msasa wa ziada kabla ya kupewa kitambulisho linajua vizuri fomu inavyoweza kuamua mtu ni nani. Fomu hii isipewe mamlaka hayo.

Wahariri wa redio na wafasiri wa mashirika, nawaomba muache kuandika kipimo cha usonji. Nawe uliyepata 35, usiifute. Andika mifano miwili mitatu ya maisha yako chini ya kila jibu lililokugusa, kisha ulizia kitengo cha afya ya akili katika hospitali ya rufaa ya kaunti, na siku ya kwenda, nenda na mama au yeyote aliyekujua kabla hujafika miaka mitano.