Tamthilia ya Kiswahili Iko Rafu Gani? Maoni ya Wanafunzi na Somo la Maktaba

Mwalimu mwenzangu, umewahi kumtuma mwanafunzi maktabani akalete tamthilia ya Kiswahili, akarudi mikono mitupu ilhali kitabu kimo? Aghalabu sisi humlaumu kwa uzembe. Makala haya yanadai kwamba kosa huwa katika somo letu la maktaba, na kwamba mwanafunzi mwenyewe, akiulizwa, ndiye atakayetuonyesha lilipo.

Tuanze na historia. Mwaka 1876 Mmarekani Melvil Dewey alichapisha mpango wa kuainisha vitabu ambao maktaba zetu nyingi huufuata hadi leo. Katika fungu la 800, la fasihi, Kiingereza kilipewa 820, Kijerumani 830, Kifaransa 840, na kuendelea hadi Kigiriki, 880. Fasihi za lugha nyingine zote duniani zilisongamana katika 890. Ndiyo maana tamthilia ya Kiingereza ni 822, ilhali ya Kiswahili ni 896.3922. Hapa Kenya nako, maktaba ya McMillan ilipofunguliwa Nairobi mwaka 1931, ilikuwa ya Wazungu pekee. Sheria ya kuunda huduma ya maktaba za taifa ilipitishwa mwaka 1965, baada ya uhuru. Milango ilifunguka, lakini nambari za rafuni zilibaki zile zile.

Kwa miaka kadhaa niliwafundisha wanafunzi mafungu kumi ya Dewey, wakayakariri na kupita jaribio. Kisha nikawaomba wa kidato cha tatu waandike, bila majina: ulitafuta nini, ulitafuta wapi, ulikwama wapi? Mmoja alijibu kwamba alitafuta tamthilia katika 822 kwa kuwa mwalimu alisema tamthilia ni 822. Wengine walikwenda 496, penye sarufi na kamusi za Kiswahili. Hawakuwa wazembe, walinitii. Mfano niliowapa darasani ulikuwa wa Kiingereza.

Basi nikaligeuza somo. Badala ya kulitoa wiki ya kwanza ya muhula, nililiweka siku niliyotoa swali la ushairi, tukaenda pamoja kutafuta diwani katika 896.3921. Baadaye niliuliza maswali yale yale. Safari hii rafu waliipata, lakini baadhi yao walikiri kuwa walichukua mwongozo wakaiacha diwani yenyewe. Hilo likawa somo lililofuata.

Nawe mtahiniwa, chunguza kibandiko kilicho mgongoni mwa kitabu: ushairi wa Kiswahili ni 896.3921, tamthilia 896.3922, riwaya na hadithi fupi 896.3923. Maktaba nyingine hufupisha nambari hizi kuwa 896 tu. Ukikwama, mwambie mwalimu ni wapi hasa ulipokwamia. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nasi walimu tukumbuke kwamba methali hiyo haikutungiwa wanafunzi pekee.