MZ: Pikipiki ya Ujerumani Mashariki ambayo siri yake ilizunguka dunia

Waliokulia vijijini miaka ya sabini na themanini wanaujua mlio wake. Bwana shamba, padri, mganga wa zahanati, kila mmoja alikuwa na Yamaha au Suzuki yake, ile inayolia kwa sauti nyembamba na kuacha nyuma moshi wa bluu wenye harufu ya oili iliyoungua. Ilikuwa injini ya mapigo mawili, tustroki kwa lugha ya gereji. Ilipanda milima, ikavuka mito ya msimu, ikabeba mtu na mzigo wake, na fundi mwenye spana chache aliweza kuifungua silinda chini ya mwembe na kuirudisha barabarani jioni ileile.

Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba ujuzi huo ni wa Wajapani tangu mwanzo. Mizizi yake hasa iko Zschopau, mji mdogo wa jimbo la Saxony mashariki mwa Ujerumani. Sehemu yake kubwa ni kazi ya mhandisi mmoja, Walter Kaaden, ambaye jina lake halijulikani hata kwa mafundi waliokula jasho lao kwa injini alizoziwezesha.

Mwanzilishi wa kiwanda cha Zschopau alikuwa Mdenmark, Jørgen Skafte Rasmussen, aliyefika huko mwanzoni mwa karne ya 20. Wakati wa Vita ya Kwanza ya Dunia alijaribu kutengeneza gari la mvuke; halikufika mbali, ila herufi za jina lake, DKW, zilibaki kuwa jina la kampuni. Vita ilipokwisha akageukia injini ndogo za petroli, kisha pikipiki. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920, DKW ilikuwa kampuni kubwa kuliko zote duniani kwa kutengeneza pikipiki. Mwaka 1932 iliunganishwa na Audi, Horch na Wanderer kuwa Auto Union, na pete nne unazoziona leo kwenye pua ya Audi ni kumbukumbu ya muungano huo. Pete moja ni ya Zschopau.

Mwaka 1939 kiwanda kilitoa pikipiki ndogo ya cc 125 iliyoitwa RT 125, nyepesi, rahisi na ya bei nafuu, kazi ya mhandisi Hermann Weber. Sidhani kama kuna pikipiki iliyoigwa kuliko hiyo. Ujerumani iliposhindwa vita mwaka 1945, Wasovyeti walivifungua vyombo vya kiwanda na kuvisafirisha kwao kama fidia, na michoro ya RT 125 ikawa halali ya washindi wote. Uingereza ikaitoa kwa jina la BSA Bantam. Marekani ikaitoa kupitia Harley-Davidson. Urusi ikaiita Moskva. Halafu, mwaka 1955, kampuni moja ya Japani iliyokuwa ikitengeneza piano na vinanda ikaamua kujaribu pikipiki, na ya kwanza kabisa kutoka mikononi mwake, YA-1, ilifuata muundo wa RT 125. Kampuni hiyo ni Yamaha.

Huo ulikuwa mkopo wa kwanza wa Japani kutoka Zschopau. Wa pili ulikuwa mkubwa zaidi, nao ulichukuliwa gizani.

Zschopau sasa ilikuwa ndani ya Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti ambayo wazee wa Unguja wanaikumbuka vizuri, kwa kuwa ndiyo iliyosaidia kujenga nyumba za maghorofa za Kikwajuni na Kilimani baada ya Mapinduzi ya 1964. Kiwanda kilianza upya kikiwa kimebaki karibu kuta tupu, na kuanzia mwaka 1956 pikipiki zake zikauzwa kwa jina la MZ. Fedha za kigeni hazikuwepo. Chuma kizuri kilikuwa adimu, na beringi za kuaminika zilipatikana kwa taabu. Katika hali hiyo Kaaden alikabidhiwa idara ya mashindano na kutakiwa ashindane na matajiri wa Italia na Japani.

Kaaden alizaliwa mwaka 1919, si mbali na Zschopau, na baba yake alikuwa dereva katika kiwanda cha DKW. Wakati wa vita alifanya kazi kwenye miradi ya makombora ya Wajerumani. Huko alizoea kuchunguza hewa, gesi na mawimbi ya msukumo, na ujuzi huo akauleta kwenye injini ambayo wahandisi wakubwa wa wakati ule waliidharau, wakiiona inafaa mashine za kukata nyasi tu.

Tatizo la tustroki linaeleweka kwa urahisi. Injini ya mapigo manne ina valvu za kufungua na kufunga njia. Tustroki ya kawaida haina, pistoni yenyewe ndiyo mlango. Moshi unapotoka, mchanganyiko mpya wa petroli na hewa unaingia wakati huohuo, na sehemu yake hutorokea kwenye ekzosi kabla ya kuungua. Kwa hiyo inakula mafuta na kukosa nguvu. Kaaden aliunganisha vipimo vya umeme kwenye ekzosi na kutazama kwenye kioo cha osiloskopu jinsi kila mlipuko unavyopeleka wimbi ndani ya bomba. Akaona kwamba bomba likiundwa kwa vipimo sahihi, wimbi lile linaweza kutumikishwa. Akatengeneza ekzosi yenye tumbo: inaanza nyembamba, inapanuka taratibu kama faneli, halafu inabanwa tena na kuishia kwenye kitundu kidogo. Sehemu inayopanuka hurudisha wimbi la kuvuta, linalosaidia kutoa moshi na kuingiza mchanganyiko mpya. Sehemu inayobanwa hurudisha wimbi la kusukuma, nalo huwahi mlangoni na kuurudisha silindani mchanganyiko uliokuwa ukitoroka, kabla pistoni haijafunga.

Kaaden hakubuni kila kitu peke yake. Sahani ya chuma inayozunguka ubavuni mwa kranki ili kupima muda wa kuingiza mchanganyiko aliiona kwa fundi mwingine wa hukohuko, Daniel Zimmermann, akaichukua na kuiendeleza. Aliongeza pia njia ya tatu ya kuingizia mchanganyiko silindani. Kilichomtofautisha na wengine ni kuviunganisha vyote hivyo na kuvifanya vifanye kazi pamoja. Mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu za farasi 25, yaani 200 kwa kila lita, bila kusukumiwa hewa na mashine yoyote ya ziada. Hakuna injini ya aina hiyo iliyokuwa imefikia kiwango hicho kabla yake.

Mwaka huohuo mpanda pikipiki wake mkuu, Ernst Degner, alikuwa akiongoza mashindano ya dunia ya cc 125. Degner alikuwa dereva na fundi kwa pamoja, na alijua kila kilichokuwa ndani ya mashine ile. Alijua pia maisha ya madereva wenzake wa Magharibi, malipo yao, magari yao, uhuru wao wa kwenda watakako. Suzuki ya Japani, ambayo tustroki zake zilikuwa zikiaibika kwenye mashindano, ilimfuata. Mazungumzo yalifanyika kwa siri kwenye Kisiwa cha Man, wakati timu zote mbili zilipokuwa huko kwa mashindano ya TT.

Tarehe 13 Agosti 1961 Ujerumani Mashariki ikaanza kujenga Ukuta wa Berlin. Degner akaona mlango unafungwa. Tarehe 17 Septemba, huko Kristianstad nchini Sweden, angeweza kulipatia taifa lake taji la dunia, lakini injini yake iliharibika mapema katika mashindano. Baada ya hapo hakurudi na wenzake. Alivuka kwenda Denmark na kuingia Ujerumani Magharibi, wakati mkewe na watoto wao wawili wadogo wakivushwa mpaka wakiwa wamefichwa ndani ya buti la gari. Taji lilikwenda kwa Tom Phillis wa Honda.

Degner aliondoka na ujuzi wote kichwani, na waandishi wengi wa historia wanasema alibeba pia michoro na vipuri. Miezi michache baadaye alikuwa Hamamatsu, makao ya Suzuki, akisaidia kuunda injini mpya. Mwaka 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 kwa Suzuki, na hilo ndilo taji la kwanza la dunia kuchukuliwa na tustroki. Yamaha na Kawasaki walifuata njia hiyohiyo. Kuanzia 1975 hadi 2001, kila bingwa wa dunia wa cc 500 alipanda tustroki. MZ yenyewe haikuwahi kupata hata taji moja la dunia la mbio za barabarani.

Simlaumu Degner kwa kutaka watoto wake wakue nje ya ukuta ule. Maisha yake baadaye hayakuwa mepesi: mwaka 1963 aliungua vibaya katika ajali huko Suzuka, na akafariki mwaka 1983 akiwa na miaka 51. Lakini Kaaden ndiye aliyebaki kuulizwa maswali na wakubwa wa chama, na ndiye aliyeendelea kufanya kazi kwa vifaa haba huku akiona ekzosi yake ikishinda mikononi mwa wengine.

Zschopau iliendelea kutoa pikipiki za watu wa kawaida, na hapo ndipo sifa nyingine ya MZ ilipojengwa. Katika mashindano magumu ya siku sita ya barabara za matope na milima, timu ya Ujerumani Mashariki ilichukua kombe miaka mitano mfululizo, 1963 hadi 1967. Mwaka 1964 yalipofanyika Erfurt, mwigizaji Steve McQueen alikuwemo kwenye timu ya Marekani. Wenyeji ndio walioshinda.

Ukiangalia MZ ya kawaida, tuseme ETZ 250 iliyotoka mwaka 1981, unaona mara moja kwamba walioiunda hawakumfikiria mtu wa kujionyesha. Tangi kubwa, kiti kirefu cha watu wawili, rangi isiyoficha kitu. Cheni ya nyuma haionekani, kwa sababu imefunikwa kabisa kwa mikono ya mpira kutoka mbele hadi kwenye gurudumu, ndani kukiwa na grisi. Vumbi haliingii, mchanga haupiti, na cheni hudumu mara nyingi zaidi ya ile inayoachwa wazi. Yeyote aliyewahi kubadilisha cheni ya bodaboda kila baada ya miezi michache kwenye barabara ya vumbi atajiuliza kwa nini wengine wote hawakufanya hivyo. Injini imefungwa kwenye fremu kwa mpira ili mtetemo usimfikie mpandaji. Nguvu zake ni za farasi 21 hivi, na kwenye barabara tambarare inafika kilomita 130 kwa saa.

Kuimiliki kunadai nidhamu. Nyingi kati ya MZ hazina pampu ya oili, hivyo unachanganya mwenyewe: sehemu moja ya oili kwa sehemu 50 za petroli, robo lita kwa lita kumi na mbili na nusu. Ukisahau oili, pistoni inakwama. Ukizidisha, plagi inajaa masizi na ekzosi inaziba. Kwenye mteremko mrefu usiteremke ukiwa umefunga mafuta kabisa, kwa kuwa oili ya kranki huingia pamoja na petroli. Mpandaji mzoefu hufungua mafuta kidogo mara kwa mara ili injini ipate kilainishi. Haya ni mambo ambayo mtu aliyezoea Boxer au TVS hana haja ya kuyawaza, na ndiyo yanayomfanya mwenye MZ aijue mashine yake kwa undani.

Mwaka 1983 kiwanda kilitoa pikipiki yake ya milioni mbili. Miaka saba baadaye Ujerumani mbili zikaungana, na wateja wakatoweka. Wananchi wa Mashariki walipopata fedha za Magharibi walikimbilia magari yaliyotumika, na masoko ya nchi za kikomunisti yakaporomoka kwa wakati mmoja. Mitambo ya kutengenezea ETZ iliuzwa kwa Kanuni ya Uturuki. Mwaka 1996 kampuni ya Hong Leong ya Malaysia ilinunua kilichobaki na kuwekeza kwenye pikipiki mpya, lakini ikafunga shughuli mwaka 2008. Jaribio jingine la kuifufua lilifilisika mwaka 2012. Kaaden alikuwa ameshafariki, mwezi Machi 1996.

MZ bado zinatembea, hasa Ujerumani na nchi jirani, na vipuri vyake vinapatikana. Katika ngome ya Augustusburg, karibu na Zschopau, kuna jumba la makumbusho ambapo unaweza kuzifuata kuanzia DKW za mwanzo. Lakini si lazima kufika huko. Kama una Yamaha DT au Suzuki ya zamani imelala bandani, usiiuze chuma chakavu. Ifute vumbi, utazame ekzosi yake mahali inapopanuka na kubanwa tena, na kijana akikuuliza nani aliyelitumikisha wimbi ndani ya bomba lile, mtajie Walter Kaaden wa Zschopau.