Picha Nyeusi na Nyeupe: Kwa Nini Sura za Wazee wa Kilimanjaro Zimepotea Kwenye Giza?

Desemba ikifika Wachagga wanapanda nyumbani, na mitandao yote inageuka Marangu. Picha kwenye maporomoko ya Kinukamori, picha mgombani, picha na bibi mlangoni. Siku hizi wengi wanaondoa rangi kabla ya kuposti: filta moja tu, picha inakuwa ya kizamani. Tamu kweli, ila kuna stori nyuma yake ambayo wengi hawaijui.

Kwanza, simu haifuti rangi hivi hivi, inapiga hesabu. Kwa kanuni iliyozoeleka, mwangaza wa kila nukta unatoka kwenye kijani kwa asilimia 59 hivi, nyekundu 30 na bluu 11 tu, maana jicho la binadamu linaona kijani kuwa angavu zaidi. Ndiyo maana kanga nyekundu inayowaka mbele ya migomba inaweza kutoka na kijivu kile kile cha majani. Aliyevaa kamezwa na mgomba!

Kamera za kwanza kupanda mlima huu zilikuwa na hesabu mbaya zaidi. Mjerumani Hans Meyer alifika Kilimanjaro mwaka 1887, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chenye picha 40. Wamisionari wa Leipzig wakafuata mwaka 1893, nao wakapiga picha nyingi. Vioo vya kupigia picha vya enzi hizo viliona bluu vizuri sana, lakini nyekundu vilikuwa karibu vipofu. Anga la bluu likatoka jeupe, na theluji ya Kibo ikapotelea humo humo.

Na ngozi ya kahawia je? Ina wekundu mwingi, bluu kidogo. Kwenye kioo kile ikatoka nyeusi kuliko ilivyokuwa, macho na mikunjo ya tabasamu vikazama. Weusi si tatizo, tatizo ni sura kupotea. Mbaya zaidi, wengi waliandikwa chini ya picha "mwanamke wa Kichagga" au "mpagazi", basi. Hakuna sura, hakuna jina. Leo mjukuu anaweza kumpita bibi wa bibi yake bila kumjua.

Wewe una uchaguzi ambao wao hawakuupata. Programu kama Lightroom zina vimstari vya kusogeza kwa kila rangi. Shusha bluu, Kibo itachomoza. Pandisha rangi ya chungwa na nyekundu kidogo, uso wa bibi utafunguka. Nakala ya rangi usiifute, maana ukibaki na kijivu tu, rangi halisi hairudi.

Halafu andika jina lake, ukoo na kijiji. Hiyo hakuna filta itakayokuandikia.

Nyumbani mna picha ya zamani ya mtu asiyejulikana jina? Mmeshamuuliza bibi? Tupia maoni hapo chini.