Uvimbe wa kichwani unaporudi

Juma hili nazungumzia tezi yenye ukubwa wa njegere. Inaitwa pituitari. Imekaa chini ya ubongo, nyuma ya pua, na ndiyo inayotoa amri kwa tezi nyingine nyingi mwilini. Ikiota uvimbe, mtu hubadilika tukimwangalia. Mmoja viatu havimtoshi tena na pete haivuki kifundo cha kidole. Mwingine uso unakuwa mviringo, tumbo linajaa, presha na sukari vinapanda. Hapa Musoma, au pale stendi ya Bunda, huyu wa pili huambiwa mambo yamemnyookea. Kumbe anaumwa.

Ugonjwa wake una jina la Harvey Cushing, daktari wa Marekani aliyeandika habari za wagonjwa 12 mwaka 1932. Njia ya kuufikia uvimbe kwa kupita puani ilikuwa imeanza mwaka 1907 huko Austria, mikononi mwa Hermann Schloffer. Cushing aliitumia kwa wagonjwa zaidi ya 200, halafu akaiacha, akarudia kufungua fuvu. Wengi wakamfuata, maana mkubwa akigeuka wadogo hawaulizi. Ilibaki kwa wachache: Norman Dott wa Edinburgh akamwonyesha Gérard Guiot wa Paris, naye Guiot akamfundisha Jules Hardy wa Montreal, ambaye miaka ya 1960 aliingia na darubini ya upasuaji. Ndivyo wavuvi wetu wa ziwani wanavyorithishana kufuma nyavu.

Hata hivyo, darubini haikumaliza kazi. Uvimbe mwingine ni mdogo kuliko punje ya mchele, na kipande kinachosalia hukua polepole. Wapo wagonjwa ambao kipimo cha damu, siku chache tu baada ya upasuaji, huonyesha homoni bado iko juu. Wengine hupona kabisa, wakarudi shambani, na baada ya miaka mitano au kumi uso ukaanza tena kuvimba. Hapo ndipo maneno ya kurogwa yanapoingia nyumbani.

Je, apasuliwe tena? Mwaka 1989 madaktari wa taasisi ya afya ya serikali ya Marekani, huko Bethesda, walitoa taarifa ya wagonjwa 33 wa ugonjwa wa Cushing waliopasuliwa tena. Ugonjwa ulituliwa kwa 24. Si haba! Lakini mara ya pili daktari anakuta kovu, alama alizozizoea zimepotea, na maji ya ubongo yanaweza kuvujia puani. Tezi ikikatwa sehemu kubwa, mgonjwa huishi kwa vidonge vya homoni maisha yake yote. Ndiyo maana wengine hupewa mionzi au dawa badala ya kisu.

Kwetu, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliundwa kwa sheria mwaka 1996, na katika miaka ya karibuni imetoa uvimbe wa ubongo kwa kupita puani. Miongoni mwa waliojenga tiba ya mifupa pale Muhimbili ni mwana wa mkoa huu wa Mara, Profesa Philemon Sarungi, aliyefariki mwaka 2025. Kwa hiyo ujuzi upo nchini. Ila kutoka Butiama hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,000, na anayejisikia mzima haoni sababu ya kuuza ng'ombe ili akapimwe damu tu.

Mimi nasema sababu ipo. Uvimbe ukigunduliwa umerudi ungali mdogo, daktari ana nafasi nzuri zaidi ya kuutoa. Na mgonjwa atunze ile karatasi ya upasuaji wa kwanza, asiiache kwenye jalada huko mbali. Ndiyo inayomweleza daktari wa pili uvimbe ulikuwa upande gani, mwenzake alipita wapi, na nini alikiacha.