Mchango wa wazazi na projekta ya Kariakoo: mambo ya kujua kabla shule haijanunua

Msikilizaji wetu, kila tunapozungumzia masomo ya video hewani, swali moja linarudi: shule yetu ya msingi imechangishana, sasa tununue nini Kariakoo ili darasa zima lione? Tumeandika maelezo haya ili uyasome kwa nafasi yako na kuyatuma kwenye kundi la wazazi.

Kuna mwalimu mmoja alipanda basi kutoka kijijini hadi stendi ya Magufuli pale Mbezi, fedha za wazazi zikiwa mfukoni. Akaenda Kariakoo, kwenye mitaa ya maduka ya simu, akanunua projekta ndogo pamoja na waya wa kuiunganisha na kishikwambi cha shule. Muuzaji alimhakikishia kwamba vinaingiliana. Shuleni, mbele ya watoto zaidi ya 80, ukuta ulibaki mweupe. Wazazi wakaanza kuuliza hela yao iko wapi. Mwalimu akatupigia simu.

Tulikwenda naye dukani. Projekta ilikuwa nzima na waya ulikuwa mzima. Tatizo lilikuwa kishikwambi. Simu na vishikwambi vingi vya bei nafuu haviwezi kutoa picha kupitia tundu la chaji. Tundu hilo linapitisha umeme na mafaili tu, na waya unaochomeka vizuri haubadilishi kitu. Kama unataka kutumia waya, nenda na kifaa chenyewe cha shule dukani, si kinachofanana nacho, uone picha ikitoka kabla hujalipa.

Lakini ipo njia rahisi zaidi. Projekta nyingi na televisheni nyingi za sasa zina tundu la flashi na zinacheza video zenyewe. Mwalimu anapakua somo mahali penye mtandao, analiweka kwenye flashi, anachomeka darasani. Hapo bando linatumika mara moja tu, na somo lile lile linaweza kurudiwa mwaka mzima. Mwalimu wetu alimaliza shida yake hivyo hivyo, kwa flashi.

Wazo la kutumia kifaa kimoja cha mwalimu kwa darasa zima si geni nchini. Mwaka 2007 ulianza mradi wa Elimu kwa Teknolojia, ambao ulifika shule za msingi 150. Mwalimu alipakua video fupi za hisabati, sayansi na stadi za maisha kwa simu ya Nokia iliyounganishwa na televisheni ya darasani. Wakati huo bando la bei nafuu tunalolijua leo halikuwepo. Kwa shule zetu, ambako mwanafunzi haruhusiwi kuja na simu, njia hii bado ndiyo inayotufaa.

Na kabla hamjachangishana, ulizeni kwanza: je, shule ina kishikwambi? Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 viligawiwa kwa walimu baada ya kazi ile. Kama cha shuleni kwenu kimelala kabatini, kitoeni, kichajini, muone kinachofanya kazi.

Sasa, video zinatoka wapi? Katuni za Ubongo Kids, zinazotengenezwa hapa hapa Dar es Salaam na zilizoanza kuonyeshwa TBC1 mwaka 2014, zinafundisha hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Wadogo wa awali wana Akili and Me. Hapa wengi wanakosea: ukipakua video ndani ya programu ya YouTube, inabaki humo humo. Haihamii kwenye flashi, na usipoingia mtandaoni kwa muda inajifunga. Ubongo wana ukurasa wao uitwao Ubongo Toolkits, na huko vipindi hupakuliwa bure kama faili la kawaida. Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, na hadithi fupi zenye picha, za Kiswahili pia, zipo African Storybook. Chagua ubora mdogo wa video. Kwa ukuta wa darasa inatosha, na bando haliishi kabla ya kipindi.

Turudi Kariakoo, maana huko ndiko hela inakopotelea.

Flashi na memori kadi ndizo zinazodanganya zaidi. Utauziwa kadi iliyoandikwa GB 512 kwa bei ya soda mbili tatu, kumbe ndani ina GB 8. Itapokea mafaili yote bila kulalamika, halafu yanaharibika. Nunua ndogo, GB 16 au 32 inatosha kabisa, ijaze video hadi mwisho, ichomoe, irudishe, kisha fungua faili la mwisho kuwekwa. Likigoma, rudi dukani siku hiyo hiyo.

Projekta zinazoandikwa 4K kwenye boksi mara nyingi zinamaanisha zinaweza kupokea video ya 4K, si kwamba zinaionyesha hivyo. Jambo la kuangalia ni mwanga. Mwambie muuzaji aiwashe mlangoni, penye mwanga wa mchana, si kwenye kona ya giza nyuma ya kaunta. Madarasa yetu mengi yana madirisha mapana yasiyo na mapazia, na kwa darasa la namna hiyo sisi tungechagua televisheni, hata kama watoto watalazimika kutazama kwa makundi mawili. Kama umeme ni wa sola, ulizia televisheni inayotumia moja kwa moja volti 12 za betri. Na usisahau spika: darasa la watoto 80 halisikii sauti ya projekta ndogo.

Kama mnanunua simu kwa ajili ya shule, bonyeza *#06# upate namba ya IMEI, kisha itume kwa ujumbe kwenda 15090 ulinganishe jina la simu. Mwaka 2016 mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ilizima simu bandia nchi nzima, kwa hiyo hili si la kupuuza. Dai risiti ya EFD yenye jina la shule. Bila risiti, hata kamati ya shule haina pa kuanzia.

Tuseme pia ukweli kuhusu matarajio. Mkoani Tanga, katika vijiji 170, yalifanyika mashindano ya kimataifa ya XPRIZE, ambapo watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vya kujifunzia wenyewe, vikichajiwa kwa sola. Mwanzoni zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15 idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Ni mafanikio makubwa kwa watoto ambao wengi hawakuwahi kukanyaga shule, ila nusu ile nyingine bado ilihitaji mtu wa kuwashika mkono. Video ya dakika kumi ikiisha, mwalimu asimame, aulize maswali, awape zoezi kwenye daftari. Tumeona madarasa ambako video inachezwa saa nzima huku mwalimu yuko ofisini. Hiyo ni sinema, si somo.

Mwisho wa safari, muuzaji yule hakurudisha fedha za waya. Alimpa mwalimu flashi mbili badala yake, tukazijaribu hapo hapo kwenye kaunta. Moja ilikuwa feki, ikabadilishwa.