Mbwa Aogopaye Motokaa

  Shikeni karatasi zenu tusome pamoja, polepole, mstari kwa mstari.

Leo ni siku ya historia. Tukisikia neno hilo twafikiri habari za watawala na vita. Leo nitawaeleza habari za mbwa na motokaa. Msicheke, maana jambo lenyewe si la mchezo.

Mtu ana mbwa wake, mlinzi wa zizi. Mbwa ameumia mguu, na daktari wa mifugo yuko mjini. Jirani ana pikapu, naye yu tayari kusaidia. Lakini mbwa akiiona ile pikapu analala chini, mkia kati ya miguu, anatetemeka mwili mzima. Watu wanne wanamkamata kwa nguvu. Mbwa anamwuma mmoja wao. Sasa wa kupelekwa mjini ni wawili, mbwa na mtu. Na kama mbwa huyo hakuchanjwa, mtu yule hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi muda wa dakika 15, kisha aende hospitali upesi akapate sindano. Kichaa cha mbwa kikiisha kuonyesha dalili zake kwa mtu, ni nadra mno kupona. Wataalamu wamekadiria kwamba watu karibu 59,000 hufa duniani kila mwaka kwa ugonjwa huo, na karibu wote waliupata kwa mbwa.

Basi tuanze mbali. Mbwa ndiye mnyama wa kwanza kufugwa na mtu. Ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuja baadaye. Huko Ujerumani, mahali paitwapo Bonn-Oberkassel, mwaka wa 1914 palichimbuliwa kaburi la mwanamume na mwanamke, na pamoja nao mifupa ya mbwa. Walizikwa miaka 14,000 iliyopita na zaidi, wakati ambao watu walikuwa wakiwinda, kabla ya kujua kulima. Wataalamu walipoyachunguza meno ya mbwa yule waliona kwamba aliugua sana alipokuwa mdogo, nao wanadhani kuwa asingaliishi muda ule kama watu wasingalimwuguza.

Motokaa ni mgeni. Karl Benz wa Ujerumani aliiandikisha motokaa yake serikalini mwaka wa 1886. Pigeni hesabu wenyewe: mbwa amekaa na mtu miaka 14,000 bila motokaa, na miaka isiyotimia 150 pamoja nayo. Tena si mbwa peke yake aliyeogopa. Hata kabla ya Benz, magari ya mvuke yalipopita njiani Uingereza farasi walishtuka na kukimbia. Kwa hiyo sheria ya mwaka wa 1865 ilitaka mtu atangulie kwa miguu mbele ya gari, ameshika bendera nyekundu, awaonye wenye farasi. Amri ya mtu kutangulia iliondolewa mwaka wa 1896.

Lakini wako mbwa walioipenda motokaa mapema. Mwaka wa 1903 daktari mmoja wa Marekani, jina lake Horatio Nelson Jackson, alisafiri na fundi wake Sewall Crocker kutoka San Francisco mpaka New York. Walikuwa wa kwanza kuivuka nchi ile kwa motokaa, nao walitumia siku 63, kwa maana barabara zilikuwa mbaya kuliko njia ya kwenda Yaeda Chini wakati wa masika. Walipofika jimbo la Idaho walinunua mbwa aitwaye Bud kwa dola 15. Motokaa ile haikuwa na paa wala kioo cha mbele, na vumbi likamwumiza Bud macho. Wakamvika miwani. Naam, miwani, kama ile ya madereva! Picha zake zipo hata leo, amekaa mbele kama bwana mkubwa.

Hapa kwetu Afrika ya Mashariki mwanajeshi Mjerumani, Paul Graetz, aliondoka Dar es Salaam kwa motokaa mwaka wa 1907, akafika Swakopmund, pwani ya magharibi, mwaka wa 1909. Kwa miaka mingi baada ya hapo motokaa ilikuwa kitu cha kuonekana mara chache vijijini. Mbwa wa Wairaqw na wa Wadatoga kazi yao ilikuwa kulinda boma, kubwekea fisi na chui, na kufuatana na wachungaji kwa miguu. Ni nani angalimpandisha mbwa garini, na kwa shughuli gani?

Sasa tufike kwenye kiini cha somo, yaani hofu yenyewe. Mrusi mmoja, Ivan Pavlov, alikuwa akichunguza jinsi tumbo linavyosaga chakula, na kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1904. Aliwatumia mbwa. Akaona jambo la ajabu: mbwa walitokwa na mate hata kabla ya kuona chakula, kwa kusikia tu nyayo za mtu aliyezoea kuwalisha. Pavlov akalifuata jambo hilo miaka mingi. Alionyesha kwamba kitu kisicho na maana yoyote kwa mbwa, kama mlio wa chombo, chaweza kupata maana kwa sababu ya kile kinachokifuata. Kikifuatwa na chakula, mbwa hufurahi. Kikifuatwa na maumivu, mbwa huogopa.

Fikirini mbwa wa nyumbani kwako. Motokaa imemletea nini maisha yake yote? Honi, vumbi, na pengine ilimgonga ndugu yake barabarani. Kama alipanda siku moja tu, alifungwa kamba, akapelekwa kuchomwa sindano. Kwake motokaa maana yake ni sindano. Watu husema mbwa huyu ni mjinga. Mimi naona ameelewa vizuri sana yale aliyofundishwa.

Mwezi wa Septemba mwaka wa 1924 mto Neva ulifurika katika mji wa Leningrad. Maji yaliingia katika mabanda ya mbwa wa Pavlov, wakawa wanaogelea vichwa vikigusa karibu na dari. Watumishi waliwaokoa kwa shida, maana ilikuwa lazima kumzamisha kila mbwa kidogo ili apite katika mlango uliofunikwa na maji. Baadaye baadhi yao walikuwa wamesahau yote waliyofundishwa. Mmoja alipata nafuu polepole, lakini maji kidogo yalipopitishwa chini ya mlango, hofu ilimrudia kama siku ile. Sisi wa Hanang tuliona mafuriko ya tope yaliyoshuka kutoka mlimani tarehe 3 Desemba 2023, tukazika watu wetu. Sitashangaa kusikia kwamba wako watu, na mbwa pia, ambao hadi leo wakisikia mvua kubwa usiku hawalali.

Je, hofu ya namna hiyo yaweza kuondolewa? Mwaka wa 1924 huo huo, huko Marekani, bibi mmoja aitwaye Mary Cover Jones aliandika habari za mtoto mdogo aliyeitwa Peter, aliyeogopa sungura. Bibi huyo hakumlazimisha. Mtoto alipokuwa akila chakula anachokipenda, sungura aliletwa chumbani, mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Mwisho Peter alimshika sungura kwa mkono wake. Baadaye, huko Johannesburg, daktari Joseph Wolpe alifanya hivyo kwa paka walioogopa chumba fulani. Aliwalisha kwanza katika chumba kisichofanana na kile cha hofu, kisha katika chumba kinachofanana kidogo, hata wakaweza kula mahali pale pale walipotishwa. Alitoa kitabu chake mwaka wa 1958, na njia hiyo ikatumiwa kuwatibu watu wenye hofu katika nchi nyingi.

Warusi waliitumia njia ya kuzoesha kidogo kidogo kwa kazi nyingine kabisa. Laika, mbwa jike aliyeokotwa katika mitaa ya Moscow, aliwekwa pamoja na wenzake katika visanduku, kila mara kidogo zaidi, ili wazoee nafasi nyembamba. Tarehe 3 Novemba 1957 alirushwa juu ya dunia katika chombo ambacho hakikuundwa ili kimrudishe. Alikufa kwa joto baada ya saa chache, na ukweli huo haukutangazwa mpaka mwaka wa 2002. Mbwa wengine wawili, Belka na Strelka, walikwenda mwezi wa Agosti mwaka wa 1960 wakarudi salama. Mimi habari za Laika hunisikitisha. Alimwamini mtu akaingia, naye mtu alijua kuwa hatarudi.

Karibu nasi, Usa River upande wa Arusha, tangu mwaka wa 2014 shirika la African Wildlife Foundation lilifundisha mbwa wa kunusa pembe za ndovu na za faru. Askari na mbwa wake walifundishwa pamoja, kisha wakapelekwa kazini, kama vile katika bandari ya Mombasa na viwanja vya ndege. Mbwa wa kazi hiyo hana budi kupanda gari bila wasiwasi, maana akifika amechoka kwa hofu, pua yake haifai kitu siku ile.

Nasi tutafanyaje hapa nyumbani, watu wasio na motokaa? Mkokoteni wa punda unatosha kwa kuanzia. Mfungue punda, uweke mawe magurudumuni usitikisike. Mpe mbwa chakula chake cha jioni hatua kumi kutoka mkokoteni, ugali wenye mchuzi au kipande cha utumbo, kitu anachokipenda hasa. Kesho hatua nane. Usimvute. Mwangalie: akipiga miayo bila usingizi, akijilamba midomo, akilaza masikio nyuma au akikataa kula, umekwenda upesi mno, rudi pale alipokula kwa raha jana. Kwa mbwa mmoja kazi hii ni ya siku tano, kwa mwingine ni ya mwezi. Akiisha kula karibu na gurudumu, weka chakula juu, na kando weka gunia lililojaa mchanga au tofali pana apate mahali pa kukanyaga. Mbwa wengi hawaogopi gari tu, huogopa kuruka juu.

Baada ya hapo mwombe jirani mwenye pikapu. Aiegeshe jioni, injini imezimwa, mlango wazi. Yafanye yale yale tangu mwanzo, maana pikapu ina harufu ya mafuta ambayo mkokoteni hauna. Mtandikie gunia alilolalia nyumbani. Akizoea kula humo, funga mlango kidogo, kisha fungua. Siku nyingine washa injini huku anakula. Siku nyingine sogea kama urefu wa boma, simama, mshushe. Safari za kwanza zimpeleke mahali asipoogopa, shambani au kisimani, na kurudi nyumbani. Safari ya sindano ije baada ya nyingi za namna hiyo, na baada ya sindano apewe kitu kitamu pale pale. Siku ya safari usimlishe chakula kingi kabla ya kuondoka, maana atatapika, maji mpe.

Desturi ya kumtia mbwa katika gunia na kulifunga mdomo siikubali hata kidogo. Hukosa pumzi, na ukimtoa utakuwa na mbwa mkali. Tena usimfunge shingo kwa kamba ndefu juu ya lori: akiruka nje atanyongwa. Kamba iwe fupi, naye mtu akae karibu naye, si mtoto.

Jambo moja liko mbali na mafunzo haya. Mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayetokwa na povu, anayeuma miti na mawe, au anayelegea taya, huyo hafundishwi wala hapakiwi garini. Waondoeni watoto, kisha mwiteni Bwana Mifugo. Na ikiwa siku ya chanjo inafanyika kijijini kwenu, mpeleke mbwa wako kwa miguu; motokaa haina lazima. Wataalamu wanasema kuwa wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa hukosa njia ya kupita.

Sasa mwalimu wa darasa aandike ubaoni maneno haya: hofu, zoea, chanjo, mkokoteni, jirani. Kila mwanafunzi ayanakili, kisha aandike sentensi tatu juu ya mbwa wa nyumbani kwake, na jina la mbwa aliandike kwa herufi kubwa mwanzoni. Juma lijalo tutasoma habari za chumvi ya Ziwa Balangida.