Kutoka Rucunshu hadi Kamembe: Tamaa ya Madaraka na Majaaliwa katika Tanzia ya Kasri la Rwanda

Anapotajwa mhusika aliyeangamizwa na tamaa ya madaraka, msomaji wa Kiswahili humkumbuka upesi Macbeth, ambaye kisa chake kilitafsiriwa na S. S. Mushi na kuchapishwa mwaka 1968 kwa jina la Makbeth. Makala haya yanalichunguza suala hilohilo kupitia tukio la kihistoria lililo karibu nasi zaidi: mapinduzi ya Rucunshu ya mwaka 1896, ambapo Mfalme Mibambwe wa Nne Rutarindwa wa Rwanda aliangushwa na mama yake wa kuteuliwa, Kanjogera, akisaidiwa na kaka zake Kabare na Ruhinankiko. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba kile ambacho tanzia hukiita majaaliwa kilikuwa, katika kisa hiki, uamuzi wa mtu anayejulikana kwa jina. Aidha, kilichowaangusha washindi wa Rucunshu ni nguvu waliyolazimika kuikopa kwa wageni ili kukilinda kiti walichokitwaa.

Tanzia hii haieleweki vyema bila Kinyaga, nchi ya kusini-magharibi ambayo leo imo katika wilaya za Rusizi na Nyamasheke. Huko ndiko jeshi la mfalme lilikovunjika kabla ya mapinduzi, na huko ndiko washindi wa mapinduzi walikopelekwa uhamishoni miaka 35 baadaye. Simulizi za kasri huitaja Kinyaga kwa haraka, kana kwamba ni mahali pa kupita kuelekea ng'ambo ya Ziwa Kivu. Catharine Newbury, katika kitabu chake cha mwaka 1988, aligeuza mtazamo huo kwa kuitazama dola kutoka Kinyaga kwenyewe. Nasi tunaazima mtazamo wake.

Kiti cha umugabekazi

Katika Rwanda ya kale mfalme hakutawala peke yake. Alitawala pamoja na umugabekazi, yaani mama wa mfalme, na mfalme aliyefiwa na mama yake alipewa mwanamke mwingine wa kuishika nafasi hiyo. Taratibu za kifalme zilihifadhiwa katika ubwiru, elimu ya siri iliyokaririwa na abiru. Mwaka 1889 Kigeli wa Nne Rwabugiri alimtawaza mwanawe Rutarindwa kuwa mtawala mwenza. Mama mzazi wa Rutarindwa, aliyetoka katika ukoo wa Abakono, alikuwa amekwisha kufa. Rwabugiri akamteua mke wake mwingine, Kanjogera wa ukoo wa Abega, awe umugabekazi. Kanjogera alikuwa na mtoto wake wa kumzaa, Musinga.

Katika sentensi hiyo ya mwisho imo tanzia nzima. Macbeth huhitaji wachawi wa kumwambia kwamba atakuwa mfalme, ili tamaa iliyolala moyoni mwake iamke. Kanjogera hakuhitaji mtabiri. Utaratibu wenyewe ulimweka hatua moja kutoka kwenye madaraka kamili na kumpa sababu ya kuivuka. Tena Rwabugiri hakuwa mgeni wa fitina za kasri, kwani mama yake mwenyewe, Murorunkwere, aliuawa wakati wa utawala wake. Kwa nini basi alimchagua mwanamke mwenye mwana na mwenye ndugu wenye nguvu? Kwa maoni yetu, alidhani kwamba Abega wakifungwa kwa heshima hiyo wangegeuka walinzi wa Rutarindwa. Ikiwa ndivyo, tunapata tofauti muhimu na tanzia kama ilivyoelezwa na Aristotle. Kwake shujaa huanguka kwa kosa lake mwenyewe, lakini hapa aliyekosea alikufa akiwa mfalme na aliyeanguka ni mwanawe.

Shangi na Rucunshu

Rwabugiri alifariki mwaka 1895, akiwa katika vita vyake dhidi ya Bushi, magharibi ya Kivu. Mwaka uliofuata kikosi cha Dola Huru ya Kongo kiliingia Kinyaga na kupiga kambi Shangi. Jeshi la Rutarindwa lilipokwenda kukifukuza lilishindwa na bunduki, na miongoni mwa waliouawa alikuwa Bisangwa, kamanda mwaminifu kwa mfalme. Kushindwa huko kulikuwa na uzito kuliko idadi ya waliokufa. Mfalme kijana alikuwa amepoteza ngao yake, na watu wa kasri walikuwa wamejionea silaha ambayo hakuna jeshi lao lililoweza kuikabili. Wakazi wa Kinyaga walilijua hilo kabla ya mtu yeyote Nyanza.

Rucunshu ilifuata mwezi Desemba. Mapigano yalipomgeukia, Rutarindwa alikufa ndani ya nyumba iliyokuwa ikiungua, pamoja na jamaa zake wa karibu. Simulizi hueleza kwamba ngoma ya kifalme, Kalinga, iliguswa na moto huo, na kwamba Kabare aliwatuliza wenye hofu kwa kusema kuwa mfalme yupo na ngoma huchongwa. Iwe aliyasema au aliwekewa kinywani baadaye, maneno hayo yanapima vizuri kilichotokea. Ngoma ndiyo iliyobeba uhalali wa ufalme, naye aliifanya kuwa kazi ya fundi wa mbao.

Musinga, aliyekuwa bado mtoto, alitawazwa kwa jina la Yuhi wa Tano. Wana wa Rwabugiri walioonekana tishio, wakiwemo Baryinyonza na Burabyo, waliuawa. Kabare na Ruhinankiko, walioshirikiana kumwangusha Rutarindwa, waligombania nafasi ya kwanza kasrini mpaka Kabare akamwondoa nduguye. Alison Des Forges, katika utafiti wake kuhusu utawala wa Musinga, amezifuatilia fitina hizo kwa kina ambacho makala haya hayawezi kukifikia.

Nguvu ya kukopa

Nahodha Ramsay wa Ujerumani alipowasili Machi 1897, kasri lilikubali bendera yake na barua ya ulinzi. Waliokumbuka Shangi hawakuwa na sababu ya kujaribu tena, na waliotawala kwa damu ya Rucunshu walihitaji rafiki mwenye bunduki. Mkopo huo ulilipa. Mwaka 1912 Ndungutse, aliyejitangaza kuwa mwana wa Rutarindwa, aliinua kaskazini ya nchi dhidi ya Musinga. Macbeth aliuona mzimu wa Banquo mezani, lakini mzimu wa Rutarindwa ulikuja na wafuasi wenye mikuki. Wajerumani chini ya Gudowius ndio walioukomesha.

Musinga alijifunza kusoma na kuandika Kiswahili, lugha ya utawala wa Kijerumani. (Wanaodhani kwamba Kiswahili kiliingia Rwanda kwa njia ya soko na kambi pekee wanapaswa kulikumbuka hili.) Hata hivyo, waliokopesha walibadilika mwaka 1916, na Wabelgiji hawakulihitaji kasri kwa kiasi kilekile. Mwaka 1917 Musinga alipoteza mamlaka ya kuua na kusamehe. Mwaka 1925 Gashamura, mkuu wa abiru, alihamishiwa Burundi, na sherehe ya mavuno ya umuganura ikapigwa marufuku. Hapo mfalme aliyekalia kiti kwa mapinduzi aliondolewa hata watu wa kukitakasa kiti hicho.

Tarehe 12 Novemba 1931 aling'olewa. Siku mbili baadaye aliondoka Nyanza kwenda Kamembe, Kanjogera akiwa pamoja naye. Hapakuwa na vita wala nyumba iliyochomwa. Kamembe ilikuwa katika himaya ya Rwagataraka, chifu wa Impara, mjukuu wa ndugu yake Kanjogera, ambaye Wabelgiji walimpendelea. Ukoo ulioshinda Rucunshu ulikuwa pande zote mbili za uhamisho huo.

Hapa ulinganisho na mke wa Macbeth unakoma. Mwanamke yule hupoteza akili na kufa kabla ya mumewe. Kanjogera alitawala miaka 35, na hakuna simulizi tunayoifahamu inayomwonyesha akijuta. Masimulizi yaliyobaki humchora kama katili mwenye upanga, na huenda alikuwa hivyo. Lakini yatupasa kuuliza kwa nini ukatili wa Rwabugiri huitwa ushujaa na wa Kanjogera huitwa uovu. Waliomwondoa nao walihitaji picha hiyo.

Rudahigwa, mwana wa Musinga, alitangazwa kuwa mfalme na Gavana Voisin tarehe 16 Novemba 1931, na jina lake la kifalme, Mutara, lilichaguliwa na Askofu Classe. Mama yake, Kankazi, akakalia kiti cha umugabekazi. Kwa muda wa miaka miwili hivi, Rwanda ilikuwa na abagabekazi wawili walio hai, mmoja Nyanza na mwingine Kamembe, hadi Kanjogera alipofariki mwaka 1933. Musinga aliishi Kamembe mpaka 1940, alipovushwa mpaka na kupelekwa Moba, kwenye ufuo wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Huko alifariki mwaka 1944.